Windows ya Kupiga Ina Bei

Kuanzia Mwanga na Gungu mjini Kigoma hadi Ujiji, na kutoka Ujiji kuvuka Luiche mpaka Simbo, mafundi wa kompyuta wana mafundisho matatu ambayo ni nadra mtu kuyabishia. La kwanza, Windows ya kupiga ni sawa na ya kununua, tofauti ni hela tu. La pili, apdeti ni adui wa bando, kwa hiyo zizimwe siku hiyohiyo mashine inapotoka kwa fundi. La tatu, ile Secure Boot, kinga ya wakati wa kuwaka inayoonekana kwenye menyu ya BIOS, ni usumbufu wa watengenezaji, nayo inazimwa kabla ya kazi nyingine yoyote kuanza. Akitokea mtu akataja Linux, anajibiwa kwa upole, kama anavyojibiwa mgonjwa: hiyo ni ya wataalamu wa Dar es Salaam, huku kwetu haina kazi.

Mafundisho haya yana mantiki, ndiyo maana yamedumu. Walioyatunga ni watu wenye akili waliofanya kazi miaka mingi na mtandao wa kusuasua, umeme wa majenereta ya dizeli na kompyuta za mtumba. Lakini yote matatu yana kasoro, na kasoro hizo zinamuumiza mtu wa Simbo kuliko zinavyomuumiza mtu wa Masaki, Dar es Salaam.

Tazama kazi yenyewe inavyofanyika. Mashine ni HP EliteBook 840 G3 au ThinkPad T470, laptopu ngumu iliyostaafu katika ofisi fulani ughaibuni, ikapita Dubai na Kariakoo kabla ya kufika Kigoma. Fundi anaiwasha huku kidole kikiwa kwenye F10 au F1, anaingia BIOS, anazima Secure Boot, na mara nyingi anairudisha mashine kwenye utaratibu wa zamani wa kuwaka uitwao Legacy, kwa kuwa flashi yake ilitengenezwa kwa mtindo huo miaka mingi iliyopita na hajaona sababu ya kuibadilisha. Windows ikishakaa, linafuata zoezi la kuidanganya kwamba imelipiwa, na kiprogramu maarufu cha kazi hiyo ni KMSPico. Maelekezo yake yanataka kingavirusi kizimwe kwanza, vinginevyo kitapiga kelele. Fundi anakizima. Mwisho anaingia kwenye orodha ya huduma za Windows, anaitafuta Windows Update na kuiweka kwenye Disabled. Mteja analipa, anaondoka na mashine inayowaka vizuri.

Amenunua nini? Amenunua mfumo endeshi uliopita kwenye mikono asiyoijua, uliovuliwa mlinzi wake na kukatiwa njia ya kupata dawa. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ya Marekani ilieleza namna vifurushi vya KMSPico vilivyozagaa mtandaoni vilivyobebeshwa Cryptbot, programu inayokusanya nywila na pochi za sarafu za kidijitali. Aliyekishusha kifurushi cha namna hiyo alipata Windows iliyokubali kwamba imelipiwa, pamoja na mwizi ndani yake. Na mwizi huyo aliingia wakati mlinzi amezimwa kwa mkono wa mwenye nyumba.

Jibu la haraka la wengi ni kwamba Simbo hakuna cha kuibiwa. Mwenye jibu hilo hajakaa steshenari asubuhi ya siku ambayo dirisha la mikopo ya elimu ya juu liko wazi. Kompyuta moja inapokea vyeti vya kuzaliwa, namba za NIDA, matokeo ya kidato cha nne, namba za simu za wazazi na nywila za wanafunzi za mfumo wa Bodi ya Mikopo, tena nyingine mwenye duka anaziandika kwenye daftari ili mwanafunzi asisahau. Mchana mashine hiyohiyo inachapa mtihani wa majaribio wa shule. Jioni inachapa muhtasari wa kikao cha kijiji na barua ya maombi ya kazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu azilinde. Sheria hiyo haikumtenga mwenye steshenari kwa sababu duka lake lina kompyuta moja.

Kuhusu apdeti, mfano mkubwa kuliko yote ni WannaCry. Microsoft ilitoa dawa ya udhaifu ule tarehe 14 Machi 2017. Kirusi kililipuka tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, kikafunga mafaili katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia. Hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu. China iliathirika vyuoni, na mfumo wa malipo wa vituo vya mafuta vya PetroChina ukakatwa mtandaoni. Wachambuzi wengi walioeleza madhara ya China na Urusi walitaja jambo ambalo fundi wa Kigoma analijua vizuri: nakala za kupiga, ambazo wenye nazo huziogopa apdeti wakidhani zitawaumbua. Dawa ilikuwepo, bure. Waliokuwa wamejizibia mlango ndio waliougua.

Sasa bando. Hapa watetezi wa apdeti huwa wanaboronga, kwa sababu wanahubiri kana kwamba kila mtu ana intaneti ya ofisini isiyokatika. Kifurushi kimoja cha mwezi cha Windows 10 mara nyingi ni mamia ya megabaiti, na cha matoleo mapya ya Windows 11 kinaweza kuvuka gigabaiti. Kwa mtu anayenunua bando la wiki kwa simu na kuligawia laptopu kwa hotspot, hiyo ni hasara anayoiona kwa macho. Kumwambia aache apdeti ziende zenyewe ni kumwambia ale ugali wake wote leo. Anayezizima si mjinga. Anapiga hesabu.

Ila hesabu hiyo imejengwa juu ya dhana kwamba kila mashine lazima ijishushie apdeti zake peke yake, kwa bando la mwenyewe. Dhana hiyo ni kweli kwa kiasi kikubwa kwa programu zenye leseni iliyofungwa. Kwa programu huria si kweli, na hapa ndipo tofauti ya leseni inapoacha kuwa mada ya makongamano na kuwa suala la mfukoni.

Leseni ya GPL, ambayo Richard Stallman aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1989 na ambayo toleo lake la pili ndilo linaloongoza kiini cha Linux mpaka leo, inampa kila aliyepokea programu haki ya kuinakili na kumgawia mwingine, awe mmoja au elfu. Inamruhusu hata kutoza pesa kwa nakala na kazi yake. Haki hiyo inagusa programu nzima na kila sasisho lake. Mtu mmoja mwenye intaneti nzuri Kigoma mjini akishusha masasisho ya wiki ya Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, anaweza kuyaweka kwenye flashi au diski ya nje, akapanda daladala hadi Simbo, akayaingiza kwenye kompyuta za shule, za steshenari na za kituo cha afya, kisha akaendelea na njia ya Ilagala mpaka Kalya akifanya hivyohivyo. Hajavunja sheria ya mtu. Zipo zana zilizotengenezwa kwa kazi hiyo hasa. Apt-offline inaifanya kompyuta isiyo na mtandao iandike kwenye flashi orodha fupi ya vifurushi inavyovihitaji. Orodha inapelekwa kwenye mashine yenye mtandao, mashine hiyo inashusha vifurushi, flashi inarudi navyo. Apt-cacher-ng inakaa kwenye kompyuta moja ya maabara ya shule, inashusha kila kifurushi mara moja na kuzigawia nyingine zote kwa waya, hivyo mashine ishirini zinakula bando la moja.

Kwa haki, Microsoft nayo imeweka ndani ya Windows 10 na 11 utaratibu wa kompyuta za mtandao mmoja kugawana masasisho, tena unafanya kazi vizuri. Lakini leseni yake haimpi fundi ruhusa ya kunakili mfumo na kuugawa mtaani, na Windows iliyozimiwa apdeti haina cha kugawana.

Hapo atainuka mwenye busara na kuuliza: flashi? Si ndiyo hiyohiyo inayosambaza virusi Kigoma nzima? Ni kweli. Kila mwenye steshenari anakifahamu kile kirusi kinachoficha mafaili ya mteja na kuacha njia za mkato zenye majina yaleyale, mteja akibofya anakiamsha upya. Basi tofauti iko hapa. Orodha ya vifurushi katika ghala la Debian imetiwa sahihi ya kidijitali, na kila kifurushi kina alama yake ya hesabu ndani ya orodha hiyo. Kompyuta inayopokea inahakiki sahihi na alama kabla ya kuingiza chochote. Ikibadilika herufi moja, kifurushi kinakataliwa. Haijalishi kilikuja kwa mkongo wa taifa, kwa flashi ya mwanafunzi au kwa mtumbwi kutoka Kibirizi. Mchukuzi hahitaji kuaminiwa. Na kile kirusi cha njia za mkato, kilichoandikwa kwa ajili ya Windows, kikifika kwenye mashine ya Linux hakiamki. Mafaili yaliyofichwa yanaonekana yote, kiasi kwamba wapo mafundi wanaotunza laptopu moja ya Linux kwa kazi ya kuokoa flashi za wateja tu. Wanaijua thamani yake, ila hawaisemi mbele za watu.

Wazo hili la kusambaza kwa mkono si geni. Kati ya 2005 na 2011 kampuni ya Canonical ilikuwa na huduma iliyoitwa ShipIt. Mtu aliomba CD za Ubuntu, mfumo wa Linux wa kampuni hiyo, nazo zikaja kwa posta bila malipo, pamoja na ruhusa ya kuzinakili. Kwa nchi ambazo kushusha CD nzima kwa modemu kulikuwa ndoto, hiyo ndiyo iliyokuwa intaneti. Ni nadra mtengenezaji wa programu iliyofungwa kumtumia mgeni CD na kumwambia aitoe nakala kadiri apendavyo.

Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika inaeleza tofauti hii ya leseni kuliko mhadhara wowote. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande na kuungwa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916 jirani na mdomo wa Malagarasi, Waingereza wakaiibua 1924 na kuirudisha kazini 1927. Miaka ya 1970 mitambo ya mvuke iling'olewa ikafungwa ya dizeli. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyelazimika kuandika barua Papenburg kuomba ruhusa ya kufungua bolti. Meli ingekuwa na leseni ya programu iliyofungwa, ingekuwa chini ya ziwa mpaka leo, na aliyeiibua angeshtakiwa.

Dai kwamba programu huria si ya kazi nzito halihitaji nafasi kubwa. Takwimu za vitabu vya MTUHA zinazojazwa kwa kalamu katika zahanati za Kigoma Vijijini hupanda wilayani na kuingizwa kwenye DHIS2, mfumo huria uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na kuendelezwa hapa nchini kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Unatumika katika nchi zaidi ya 70. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza 2004 kutokana na mahitaji ya kliniki za Eldoret, Kenya. Jukwaa la Ushahidi nalo lilizaliwa Kenya, katika ghasia za uchaguzi mwanzoni mwa 2008. Moodle, mfumo huria wa masomo ya mtandaoni, unabeba masomo ya vyuo vikuu vyetu. Na simu ya Android iliyo mfukoni mwa fundi anayesema Linux haina kazi inaendeshwa na kiini cha Linux.

Liko kundi la pili linalostahili kubishiwa, nalo ni la wapenzi wa programu huria wenyewe. Hawa wanakubali yote yaliyosemwa hadi hapa, ila wakifika kwenye Secure Boot wanaungana na fundi wa Mwanga: izime, ni njama ya Microsoft.

Hoja yao ina mizizi. Mwaka 2012, Windows 8 ilipotoka, Microsoft ilitaka kila kompyuta yenye nembo yake iwashwe kwa utaratibu huu, unaohakiki sahihi ya programu ya kwanza kabisa inayoamsha mfumo. Funguo zilizowekwa kiwandani zilikuwa hasa za Microsoft. Kwenye kompyuta za kawaida mwenye mashine aliachiwa uwezo wa kuzima na kuweka funguo zake, lakini kwenye vishikwambi vya Windows RT uwezo huo ulipigwa marufuku. Windows 10 ilipokuja, kuacha kitufe cha kuzima kukawa hiari ya mtengenezaji. Shirika la Free Software Foundation lilipaza sauti tangu mwanzo, na lilikuwa na sababu. Toleo la tatu la GPL, la Juni 2007, liliandikwa kwa kiasi fulani likiwa na TiVo akilini, kifaa cha kurekodi televisheni kilichotumia Linux na kutoa msimbo wake, huku kikikataa kuwaka mtu akiubadilisha msimbo huo. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alilikataa toleo hilo, na kiini cha Linux kikabaki kwenye la pili. Afrika Mashariki tunaujua mtego wa namna hii kwa jina jingine: simu ya mkopo inayojifunga mteja akichelewa kulipa. Kifaa kiko mkononi mwa mteja, ufunguo uko kwa muuzaji.

Lakini kutoka hapo hadi kusema "izime" ni kuruka hatua. Matthew Garrett, wakati huo akiwa kampuni ya Red Hat, aliandika programu ndogo iitwayo shim. Microsoft inaitia sahihi, nayo shim inahakiki mfumo kwa ufunguo wa wenye mfumo huo, na zaidi ya hapo inamruhusu mwenye kompyuta kusajili ufunguo wake mwenyewe. Ubuntu iliwaka na Secure Boot kuanzia toleo la 12.10 la Oktoba 2012, Fedora kuanzia la 18 la Januari 2013, na Debian, iliyosubiri muda mrefu kuliko hizo mbili, kuanzia la 10 la Julai 2019. Kwa hiyo anayezima Secure Boot leo ili aweke Debian anazima kitu ambacho hakikumzuia. Kwenye baadhi ya ThinkPad za 2022 na kuendelea atalazimika kuingia BIOS na kuruhusu sahihi za wahusika wa tatu. Ni usumbufu wa dakika mbili, na kelele alizozipiga Garrett kuhusu jambo hilo zilikuwa za haki. Hata hivyo ni kuwasha, si kuzima.

Je, kinga hii inamkinga mtu wa Simbo na nini? Tuseme ukweli: hatari yake ya kila siku ni flashi na programu za kupiga, si virusi vya hali ya juu vinavyojichimbia chini ya mfumo endeshi. BlackLotus, kirusi cha aina hiyo kilichouzwa vichochoroni mwa mtandao mwaka 2022 kwa dola 5,000, hakikutengenezwa kwa ajili ya steshenari. Ila kisa chake kina funzo. Machi 2023 watafiti wa kampuni ya usalama ya ESET walithibitisha kwamba kiliivuka Secure Boot hata kwenye Windows 11 iliyosasishwa kikamilifu. Kilitumia udhaifu ambao Microsoft ilikuwa imeuziba Januari 2022. Ilikuwaje? Faili za zamani zenye udhaifu zilikuwa bado na sahihi halali. Sahihi hizo hazikuwa zimefutwa. Kinga ya kuwaka bila masasisho ya orodha ya sahihi zilizofutwa ni kitasa kizuri kwenye mlango ambao ufunguo wake wa zamani bado uko mtaani. Ndiyo maana kuzitenganisha hoja hizi, leseni upande huu, apdeti upande ule, Secure Boot kwingine, ni kupoteza maana ya zote.

Na hapa kuna tarehe inayozihusu mashine za Dubai moja kwa moja. Vyeti vya Microsoft vya 2011, vinavyosimamia sahihi hizi kwenye kompyuta nyingi za mtumba, vinafikia ukomo kati ya Juni na Oktoba 2026. Uvumi kwamba kompyuta zitagoma kuwaka siku hiyo si wa kweli, kwa kuwa BIOS kwa kawaida haiangalii tarehe ya cheti. Tatizo ni la polepole zaidi: matoleo mapya ya programu za kuamsha mfumo yanatiwa sahihi kwa vyeti vya 2023, na mashine isiyopokea vyeti hivyo itayakataa, iwe ya Windows au ya Linux. Vyeti hivyo vinakuja kwa njia ya masasisho. Kwenye Linux vinaweza kuja kwa fwupd, zana huria inayoshusha masasisho ya BIOS ya watengenezaji wengi, wakiwamo Lenovo, Dell na HP. Kwa aliyezima kila kitu haviji kwa njia yoyote.

Ongeza hapo kwamba Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba Windows 11 inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane. EliteBook 840 G3 ina kizazi cha sita. T470 ina cha sita au cha saba. Fundi ana ujanja wa kuuruka ukaguzi huo, ila Microsoft imeshasema haiahidi masasisho kwa mashine zilizoingia kwa ujanja. Mashine hizohizo zinaendesha Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, bila kulalamika, nayo itasasishwa kwa miaka mingine kadhaa.

Wanaosema apdeti zinaharibu kompyuta hawasemi uongo. Julai 2020, baada ya udhaifu wa BootHole kugunduliwa kwenye GRUB, programu inayoamsha Linux, dawa ya Red Hat ilizifanya baadhi ya seva zishindwe kuwaka. Agosti 2024 sasisho la Microsoft lilizifungia nje Linux zilizokuwa zikishiriki mashine moja na Windows, wenye nazo wakakutana na onyo la ukiukaji wa sera ya usalama badala ya mfumo wao. Mwezi mmoja kabla, sasisho bovu la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows milioni 8.5 duniani na kusimamisha viwanja vya ndege. Wala programu huria si takatifu. Machi 2024 iligundulika kwamba mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kujenga imani kwenye mradi mdogo wa XZ ili aingize mlango wa siri. Aliyemfuma ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, baada ya kushangaa kwa nini kuingia kwenye seva yake kunachelewa kwa nusu sekunde. Ilikuwa bahati, ndiyo, lakini bahati hiyo ilimkuta mtu aliyekuwa na ruhusa ya kuufungua msimbo na kuufuatilia mpaka mwisho.

Hata hivyo, nyingi ya mashine za Kigoma "zilizoharibiwa na apdeti" zina ugonjwa mdogo zaidi: betri ya saa, ile ya duara kama sarafu yenye namba CR2032, imekufa. Umeme ukikatika, saa inarudi nyuma miaka kumi. Kivinjari kinakataa tovuti za serikali kwa madai kwamba vyeti vyake havijaanza kutumika, Windows Update inagoma, na Debian inasema orodha ya ghala bado haina uhalali. Fundi asiyeitazama saa anapiga Windows upya. Kazi mbili, malipo mawili, betri ileile.

Udhaifu mmoja wa programu huria katika nchi hii haujasemwa, nao ni mkubwa kuliko wa kiufundi. Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi nzima kwa Kiswahili, chini ya mradi wa Kilinux. Ilikuwa kazi ya kujivunia. Ni steshenari ngapi ziliwahi kuiona? Leseni ilimruhusu kila mtu kuinakili na kuiendeleza, ila hapakuwa na mtandao wa watu wa kuibeba kutoka Mlimani hadi Kasulu, kuitengenezea matoleo mapya, kumfundisha mwenye duka. Haki bila mchukuzi ilibaki Dar es Salaam. Kumlaumu fundi wa Mwanga kwa kutoijua ni kumwonea.

Na fundi ndiye mchukuzi mwenyewe. Hofu yake kwamba Linux itamnyima riziki haina msingi, kwa sababu anachouza leo ni kazi ya mikono, si Windows, ambayo kwa Sheria ya Hakimiliki ya 1999 hana haki ya kuiuza. Akibadili flashi yake, anaweza kutundika kibao barabarani bila kuiogopa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, akatoza kwa kuingiza mfumo, na akatoza tena kila mwezi kwa kuleta masasisho mlangoni, huduma ambayo kwa sasa haipo sokoni. Printa za Epson za wino wa tangi, zilizojaa madukani, zina madereva ya Linux. Baadhi ya Canon za leza zitamsumbua, na hilo amwambie mteja kabla ya kupokea pesa. Mteja anayeng'ang'ania Windows kwa ajili ya mhasibu wake aachiwe Windows, ila iwe ya leseni, Secure Boot ikiwa imewashwa na apdeti zikiwa hai, zipangiwe usiku ambao bando la usiku linatumika.

Halmashauri nayo ina kalamu. Zabuni za kompyuta za shule za kata huandikwa kwa kuorodhesha prosesa, RAM na ukubwa wa diski. Inatosha kuongeza mistari michache: mfumo wenye leseni halali au mfumo huria, Secure Boot ikiwa imewashwa wakati wa makabidhiano, vyeti vya 2023 vikiwa vimeingizwa, betri ya saa ikiwa mpya, na kwa kila shule mashine moja iliyoandaliwa kuhifadhi na kugawa masasisho. Mkaguzi anaweza kuyahakiki yote kwa dakika kumi, akiwa amesimama ndani ya maabara.